Namna ya kutumia maktaba ya maelezo tayari katika programu ya ripoti za ukaguzi wa nyumba

Programu nyingi za kuandikia ripoti za ukaguzi wa nyumba huja na maktaba ya maelezo tayari, yaani mamia ya aya fupi zinazoeleza kasoro, mipaka ya ukaguzi na habari za jumla, zikiwa zimepangwa kwa sehemu za nyumba kuanzia paa hadi msingi. Mkaguzi huchagua aya inayofaa, huiingiza katika ripoti, huiambatanisha na picha, kisha huendelea na sehemu inayofuata. Kwa kuwa kasoro nyingi za nyumba hujirudia, hakuna sababu ya kutunga upya sentensi ileile kila siku. Hata hivyo, mteja anayelipia ukaguzi anataka habari za bomba lililo chini ya sinki lake, kama lilivyoonekana siku hiyo, na hakuna maktaba inayoweza kulijua bomba hilo. Aya iliyoandikwa awali ni rasimu, na kazi yote ya kuitumia vizuri ni kuhakikisha kwamba haitoki nje ikiwa bado rasimu.

Isome yote kabla ya kuitumia

Maktaba inayokuja na programu, au ile unayoinunua kutoka kwa mkaguzi mwingine, imeandikwa na mtu asiyezijua nyumba za eneo lako, sheria zinazokuhusu wala upeo wa mkataba wako na wateja. Ukishatia sahihi ripoti, kila neno lililomo ni lako, hata kama hukuliandika. Kwa hiyo isome maktaba nzima, sehemu baada ya sehemu, kabla ya kuipeleka kwenye nyumba ya kwanza, na ufute bila huruma: aya za vifaa visivyopatikana unakofanyia kazi, aya mbili zinazosema jambo moja, na aya ambazo wewe mwenyewe usingeweza kuzitetea mteja akikupigia simu kuuliza maana yake.

Zitazame kwa makini zaidi aya zinazonukuu kanuni za ujenzi. Kanuni hubadilika, hutofautiana kati ya mji na mji, na nyumba iliyojengwa zamani mara nyingi hailazimiki kufuata kanuni za leo. Ukaguzi wa nyumba kwa kawaida hauwi ukaguzi wa kanuni, na aya inayosema kuwa jambo fulani ni kinyume cha kanuni hukuingiza katika ubishi ambao ungeuepuka kwa kueleza tu hatari iliyopo. Fanya vivyo hivyo kwa aya zinazotaja gharama za ukarabati, na zile zinazotamka chanzo cha tatizo kana kwamba ukuta ulifunguliwa na chanzo kikaonekana.

Aya nzuri ina nini

Kipimo kizuri kinapatikana katika viwango vya utendaji vya ASHI, chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1976. Kwa ufupi, viwango hivyo vinamtaka mkaguzi aripoti mifumo na sehemu ambazo, kwa maoni yake ya kitaalamu, hazifanyi kazi ipasavyo, zina upungufu mkubwa, si salama, au zinakaribia mwisho wa uhai wake; atoe pendekezo la kurekebisha au kufuatilia; aeleze sababu pale ambapo kasoro haijielezi yenyewe; na ataje kilichopaswa kukaguliwa lakini hakikukaguliwa, pamoja na sababu yake. Hapo unapata sura ya aya ya kasoro: nini kimeonekana, kiko wapi, kina madhara gani, nani akishughulikie na kwa uharaka gani.

Chukua mfano wa valvu ya usalama ya hita ya maji. Aya ya kawaida katika maktaba nyingi husomeka hivi: "Bomba la kutolea maji la valvu ya usalama halikufungwa sawasawa. Mtaalamu alishughulikie." Msomaji haambiwi kosa ni lipi, wala kwa nini jambo hilo limhusu, wala mtaalamu huyo ni wa fani gani. Ilinganishe na hii:

"Valvu ya usalama ya hita ya maji iliyoko * haina bomba la kuelekeza maji chini. Valvu hii hufunguka yenyewe joto au presha ndani ya hita inapozidi kiwango, na maji yanayoruka yanaweza kumuunguza mtu aliye karibu. Fundi bomba aliyehitimu afunge bomba linaloteremka hadi karibu na sakafu, na kazi hiyo ifanyike kabla ya watu kuhamia."

Hapo ndipo unapoona kwamba aya moja haitoshi. Valvu za kawaida za hita za nyumbani huko Marekani hufunguka joto likifika nyuzi 99 za Selsiasi au presha ikifika paundi 150 kwa inchi ya mraba (psi), na bomba lake linaweza kukosewa kwa njia nyingi. Linaweza kukosekana kabisa, kama katika mfano. Linaweza kuishia juu mno, ilhali mwisho wake unatakiwa uwe kama sentimita 15 au chini ya hapo kutoka sakafuni. Linaweza kupanda badala ya kushuka, hata maji yakabaki ndani na kuiozesha valvu. Linaweza kuwa jembamba kuliko tundu la valvu. Na linaweza kuwa limezibwa mwishoni kwa kizibo, pengine na mtu aliyechoshwa na matone, jambo ambalo ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu presha inakosa pa kutokea na hita inaweza kupasuka. Ukiyabeba yote hayo katika aya moja inayosema "halikufungwa sawasawa", umemnyima mteja habari ambayo macho yako yalikuwa nayo. Andika aya tofauti kwa kila kosa, au aya moja yenye menyu ya kuchagua ikiwa programu inaruhusu, na uharaka wa kila moja uwe wake.

Nafasi zilizoachwa wazi

Alama ya nyota (*) katika mfano, baada ya neno "iliyoko", imewekwa kwa makusudi. Kila aya ya kasoro iwe na angalau nafasi moja isiyojazwa, hasa ya mahali, na nafasi hiyo iwekewe alama ambayo huitumii kwa jambo lingine lolote, ili baadaye uweze kuitafuta ripoti nzima kwa sekunde chache. Wakaguzi wengi huona ni haraka zaidi kuiweka nafasi hiyo ikiwa imekwisha kujazwa, kwa mfano "bafu kuu", wakitegemea kwamba watabadilisha inapobidi. Sikushauri. Nafasi iliyo wazi hujitangaza kuwa wazi, lakini "bafu kuu" husomeka kama sentensi iliyokamilika, na jicho lililochoka huipita.

Onyo hilohilo linahusu maneno ya "na/au". Aya inayosema kwamba nyufa zilionekana "ukutani na/au darini" humfanya msomaji ashuku kwamba mkaguzi hakuangalia. Chagua moja, au taja vyote viwili ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

Aya zinazojitokeza zenyewe

Programu nyingi huruhusu aya fulani ziingie katika kila ripoti bila kuchaguliwa. Uwezo huu unafaa kwa mambo ambayo ni kweli katika kila nyumba, kama vile maelezo ya upeo wa ukaguzi au namna ya kusoma ripoti. Usiutumie kamwe kwa aya zinazothibitisha kwamba kitu kilikaguliwa au kilifanya kazi. Sentensi inayosema "Uvungu wa dari ulikaguliwa kutoka ndani" ikijiingiza yenyewe katika ripoti ya nyumba ambayo kifuniko cha dari kimegandishwa kwa rangi, umetoa ushahidi wa uongo bila kukusudia, na hakuna picha itakayokusaidia. Mkaguzi aingize kwa mkono wake kila kauli ya kuthibitisha, baada ya kukiona kitu chenyewe.

Aya za mipaka ya ukaguzi zinahitaji ukweli uleule. Isemwe kwamba paa halikupandwa kwa sababu ya theluji, au mwinuko mkali, au vigae vilivyolegea, kisha isemwe lilitazamwa kwa njia gani: kutoka ardhini kwa darubini, kwa droni, au kutoka kwenye ngazi ukingoni. Orodha ya sababu zote zinazowezekana, iliyobandikwa katika kila ripoti, haimkingi mkaguzi na haimsaidii mteja kuamua kama aagize ukaguzi wa pili hali itakaporuhusu.

Aya zinazotegemea mwaka wa ujenzi

Baadhi ya aya zina maana kwa nyumba za kipindi fulani tu. Huko Marekani, rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978. Nyaya za alumini katika saketi ndogo za nyumba zilitumika sana kati ya miaka ya 1965 na 1973 hivi. Mabomba ya polibutileni, aina ya plastiki, yalifungwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990. Uandike mwaka huo katika jina la aya, ili usilazimike kuifungua kujua kama inahusika. Ndani ya aya, tenganisha waziwazi kinachokisiwa kutokana na umri na kilichoonekana kwa macho. Kusema kwamba nyumba ilijengwa kabla ya 1978 na kwa hiyo rangi yenye risasi inaweza kuwapo, ingawa haikupimwa, ni kauli tofauti kabisa na kusema kwamba nyaya za alumini zilionekana ndani ya kisanduku cha umeme.

Kuzipata aya ukiwa kazini

Maktaba kubwa isiyotafutika haina faida kwa mtu aliyesimama juu ya ngazi akiwa na simu mkononi. Zipe aya majina mafupi yanayoanza na sehemu, kisha kifaa, kisha kile ambacho jicho linaona: "Umeme, breka, nyaya mbili skrubu moja" litapatikana haraka kuliko jina la kitaalamu ambalo hulikumbuki ukiwa na haraka. Kama programu ina sehemu ya vipendwa, weka humo zile chache unazozitumia karibu kila juma.

Piga picha kwanza, moja ya mbali inayoonyesha mahali na moja ya karibu inayoonyesha kasoro, ndipo utafute aya. Ukitangulia kutafuta aya, kuna hatari ya kukiona kile ambacho aya inakielezea badala ya kilichopo. Jaza nafasi ya mahali papo hapo. Mengine yanaweza kusubiri meza.

Ngazi ya uzito iliyohifadhiwa pamoja na aya, iwe ni usalama, ukarabati au matengenezo madogo, ichukuliwe kuwa pendekezo tu. Ufa mwembamba wa kusinyaa kwa zege na ufa ambao upande mmoja umesogea mbele kuliko mwingine vinaweza kuitwa kwa aya zinazofanana, lakini uzito wake haufanani hata kidogo, na uamuzi huo hufanywa ukiwa mbele ya ukuta.

Kuna pendekezo moja ambalo maktaba za kununua hulirudia kupita kiasi: kumtaka mteja amwite mtaalamu afanye uchunguzi zaidi. Pendekezo hilo ni sahihi pale ambapo kweli umefika mwisho wa unachoweza kukijua kwa macho, na hapo taja mtaalamu wa fani gani na ajibu swali gani. Likibandikwa chini ya kila bomba linalovuja, mteja huona amelipia orodha ya watu wa kuwapigia simu. Bomba linalovuja linahitaji fundi wa kulitengeneza, basi.

Kabla ya kutuma

Tafuta alama yako ya nafasi wazi katika ripoti nzima. Kisha isome ripoti kuanzia mwisho kurudi mwanzo, sehemu moja moja, ukilinganisha kila aya na picha yake. Ukisoma kutoka mwanzo, mtiririko wa lugha uliyoizoea hukubeba na kukufichia makosa. Angalia kwamba muhtasari hauna kauli inayopingana na maelezo ya ndani, kosa linalotokea mara nyingi pale aya ya kasoro inapoingizwa na kauli ya "inafanya kazi vizuri" ikabaki.

Kuitunza

Aya nzuri kuliko zote huzaliwa katika ripoti. Ukiona umeandika maelezo mapya yaliyokuridhisha, yahifadhi siku hiyohiyo, lakini kwanza ondoa humo anwani, vyumba, vipimo na kila kitu cha nyumba ile, na urudishe alama ya nafasi wazi. Maswali ya wateja nayo ni mwongozo: wawili wakiuliza jambo moja kuhusu aya moja, aya hiyo haieleweki, na jibu ulilowapa kwa simu huenda ndilo lilipaswa kuandikwa tangu awali.

Mnapofanya kazi kama timu, awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubadilisha maktaba ya pamoja, na wengine wampelekee mapendekezo, la sivyo baada ya muda kutakuwa na aya nne za mfereji uliolegea, kila moja ikiwa na uzito wake. Chunguza pia programu yako inafanya nini aya inapobadilishwa. Ripoti zilizokwisha kutumwa zinapaswa kubaki kama zilivyotumwa, na usipokuwa na hakika, hifadhi kila ripoti katika faili ya PDF siku unapoituma. Nakala ya maktaba yenyewe itunzwe nje ya programu, ikiwa na tarehe katika jina la faili, na ipakuliwe upya kila baada ya mabadiliko makubwa.