Jinsi ya kupita na baiskeli Dar bila kugombana na wenye magari

Mi natoka Tabata mpaka Kariakoo kwa baiskeli siku sita za wiki, na kiukweli mwaka wa kwanza nilikuwa nagombana na madereva karibu kila siku. Natukanwa, natukana, siku moja pale Buguruni nikaipiga bodi ya gari ya mtu kwa kiganja, jamaa akashuka na spana ya gurudumu mkononi, bahati mataa yakaruhusu na wa nyuma wakaanza kumpigia honi ikabidi arudi kwenye usukani. Nilivyokaa kutafakari nikaona ugomvi mwingi chanzo chake kimoja tu: dereva hajaniona, au kaniona ila sisomeki, hajui naelekea wapi.

Kwa hiyo kwanza acha kuendesha juu ya mtaro. Wengi tukiogopa magari tunajibana pembeni kabisa, tairi linachungulia mtaroni, tunadhani ndo usalama, kumbe dereva anaona nafasi ipo anapita hapohapo akikugusa bega kwa saidi mira, afu mbele unakuta mfuniko wa chemba haupo, huna pa kukwepea isipokuwa barabarani, ukikwepa ghafla unagongwa na unaambiwa umejirusha. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni. Wa nyuma atanuna, lakini itabidi akupite kama anavyoipita bajaji, kwa kutoka upande. Ukipata upana mpishe, mnyooshee dole gumba, kununa kwake kunaisha hapohapo.

Mita hiyohiyo waachie magari yaliyopaki mitaa ya Kariakoo. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mlango wa dereva unafungukia kwako wewe unayepita, na mtu anayewahi mzigo haangalii nyuma. Nikiona kichwa cha mtu kwenye siti ya dereva, napunguza na kupiga kengele.

Kabla ya kukata kona au kuhama upande geuza shingo uangalie nyuma, toa mkono mapema, subiri sekunde mbili tatu, ndo uhame. Hilo la kugeuza shingo lina faida mbili, unaona na wao wanakuona unaangalia, dereva akiona uso wa mtu anapunguza. Sijui kwa nini, ila mgongo wanauchukulia kama nguzo ya umeme.

Sasa daladala. Daladala ikisimama kituoni usipite kushoto kwake hata kama pako wazi kabisa, mlango uko huko, abiria anashuka na ndoo ya samaki bila kuangalia, utambeba. Kulia nako kuna shida maana suka anaweza kuondoka ghafla akakuchomekea. Msome konda. Akiwa bado chini anaita abiria una muda wa kupita, akidandia mlangoni na kugonga bodi gari hiyo inaondoka, we tulia nyuma. Na ujue ikifika foleni daladala itatanua, yaani itaingia pembeni kwenye vumbi ambako we ulijua ni kwako, kwa hiyo foleni ikisimama usidhani pembeni pana amani, sikiliza injini nyuma yako. Ukivaa spika za masikioni Dar hii basi umeamua mwenyewe.

Malori ya Mandela Road ni habari nyingine, yale yanayobeba makontena ya bandarini. Hapa sina utani. Usisimame kushoto kwa semi kwenye mataa, hata kama umetangulia kufika. Tela halifuati kichwa, likikata kona tairi za nyuma zinakuja kwa ndani, na dereva kule juu haoni kitu kilichoko ubavuni chini. Kama huoni uso wake kwenye kioo chake, ujue na yeye hakuoni. Kaa nyuma yake umeze moshi, au kaa mbele kabisa anapokuona.

Njia za baiskeli zipo, Morogoro Road walituwekea pembeni ya mwendokasi, na tangu mabasi yaanze 2016 njia zile zimekuwa za bodaboda, meza za matunda na gari zilizopaki. Zitumie tu, ila kila mtaa unapoingilia punguza mwendo, maana anayetoka mtaani anaangalia magari, haangalii wewe. Kwenye njia ya mwendokasi yenyewe usiingie kabisa hata asubuhi ikiwa tupu, basi lile refu lina mita 18 na limebanwa kingo pande zote, dereva hata akitaka kukukwepa hana pa kwenda.

Jioni weka taa nyekundu nyuma. Gari ikitembea 50 kwa saa, ambayo ndo mwisho wa mwendo maeneo ya makazi, inakula karibu mita 14 kila sekunde, akija kukuona uko mita kumi mbele yake huyo hata mguu haujafika kwenye breki. Kama hela ya taa haijapatikana fanya kama wauza madafu, funga sidii ya zamani nyuma ya keria, inamulika vizuri tu.

Na wenye magari nanyi, maana najua mnasoma. Honi moja fupi ukiwa mbali inatosha, ile ndefu ya mgongoni inamshtua mtu anayumba kuja kwako. Usimpite mtu mbele kidogo afu ukate kushoto, subiri sekunde tano apite. Mlango fungua kwa mkono wa kushoto, Waholanzi wanafundishana hivo, mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma.

Ikitokea mmekwaruzana usiguse gari ya mtu, nimeshasema ya spana. Mzee mpe shikamoo kwanza hata kama kosa lake, inampunguza kasi ya matusi. Kijana mwite kaka, muulize taratibu, "kaka, uliniona lakini?" Wengi wanasema hapana, na wanaishia hapo. Wa daladala wao mi nimewazoea kupitia makonda, kuna mmoja wa Buguruni nilishamsaidia kuokota chenji iliyomwagika, siku hizi akiniona kushoto anapiga bodi na kumpigia kelele suka wake, "Baiskeli hiyo, tulia! Baiskeli!" na basi zima linageuka kuniangalia.