Somo: Kusoma tumbo la samaki, kutoka dikoni hadi daftarini

Ndugu wanachama, assalam alaykum. Mliuliza kwa nini tunahangaika na matumbo wakati kila mvuvi wa Tumbe, hapa Pemba, anajua nguru anakula dagaa. Anajua, kweli. Ila anakula wangapi, msimu gani, na ni nguru wa urefu gani? Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanachemshwa, wanaanikwa na kusafirishwa mpaka Kongo. Anayetaka kusema wavuliwe kiasi gani lazima kwanza ajue nani mwengine baharini anawategemea.

Vifaa: kisu kikali, uzi, mizani ya gramu, sinia jeupe, kibano, chujio la chai, glavu na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Nina vikaratasi vitano vya mwaka jana vilivyolowa, na hadi leo sijui ni vya samaki gani.

Hatua ya 1: Wahi, na uulize. Samaki akifa, tumbo haliachi kazi papo hapo. Chakula kinaendelea kusagika, na joto letu linakiharakisha. Barafu iwepo tangu chomboni. Muulize nahodha samaki kavuliwa saa ngapi, wapi, kwa mshipi, dema (mtego) au jarife (wavu), na kwa chambo gani. La chambo usilipuuze. Mara yangu ya kwanza niliandika "kolekole: vipande vya kibua" kwa samaki saba mfululizo, nikajiona nimegundua jambo. Mzee mmoja akaokota kipande kwenye sinia, akakigeuza kwa kidole: pembeni kimenyooka, alama ya kisu. Kilikuwa chambo chetu wenyewe.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kupasua. Urefu ni kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia. Kisha uzito.

Hatua ya 3: Toa tumbo. Pasua kuanzia tunduni kwenda mbele hadi chini ya matamvua. Funga uzi pawili, kooni na pale utumbo unapoanzia, halafu kata nje ya mafundo ili kisimwagike kitu. Litie kwenye mfuko wake pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Kama hufanyi kazi siku hiyo hiyo, gandisha kwenye friza au loweka kwenye spiriti ya asilimia 70. Formalini waachieni wa maabara.

Hatua ya 4: Mimina. Hapa ndipo penye utamu. Pima tumbo likiwa na chakula, kisha likiwa tupu. Tofauti ndiyo uzito wa mlo. Chuja kwa maji kidogo kidogo. Usitegemee kukuta samaki mzima. Utakuta uti wa mgongo, magando ya kaa, macho ya kamba yaliyobaki peke yake, na vile vijiwe vyeupe vya kichwani mwa samaki, ambavyo umbo lake hutofautiana kwa kila aina. Ngisi huacha mdomo wake, mgumu, wa kahawia, kama wa kasuku. Huo hukaa tumboni muda mrefu baada ya nyama kwisha, kwa hiyo midomo kumi si lazima iwe ngisi kumi wa leo.

Hatua ya 5: Hesabu kwa njia tatu. Chakula kimeonekana katika matumbo mangapi, vipande vingapi, uzito gani. Tuseme una matumbo 18 yenye chakula, na dagaa wamo katika 9: hiyo ni asilimia 50. Lakini ngisi mmoja mkubwa anaweza kuwashinda dagaa wote kwa uzito. Ukichukua kipimo kimoja tu, utajidanganya.

Maswali

*Mkoani: Maalim, matumbo matupu niyatoe kwenye hesabu?*

Usiyatoe daftarini, andika "tupu"; ila asilimia ya Hatua ya 5 ni ya matumbo yenye chakula tu. Na angalia chewa wa kina kirefu. Akivutwa juu, kibofu chake cha hewa hufura na kulisukuma tumbo hadi mdomoni, chakula kikamwagika. Huyo andika "limetoka", maana hujui alikula nini.

*Wete: Nimempasua pono, tumbo silioni!*

Hujakosea, pono hana. Chakula husagwa na meno ya kooni, kikaingia moja kwa moja utumboni. Chukua sehemu ya mbele ya utumbo. Utakuta mchanga mweupe na mwani. Kwake kuhesabu vipande hakuna maana.

*Kojani: Wenye samaki wanakataa tupasue kabla ya mnada.*

Wana haki, samaki aliyepasuliwa bei inashuka. Mpime akiwa mzima, mfunge mkiani uzi wenye namba, kisha mfuate mnunuzi mpaka kwa wapara samaki. Pale matumbo yanatupwa. Nenda na ndoo yako na kipande cha sabuni cha kumshukuru mparaji, na ufike kabla ya paka.