Mto wa nafaka wa kukanda mgongo: vile nashona na vile napasha moto

Mwezi wa saba Nairobi ukikaa nyumba ya chini isiyoona jua, baridi yake unaijua mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na ile chupa ya mpira ya maji moto, usiku mmoja kifuniko kikalegea ikamwagika yote kwa godoro, na kukausha godoro mwezi wa saba ni shughuli ya wiki nzima si mchezo. Tangu hapo nikahamia mto wa nafaka. Ni kamfuko tu ka pamba kenye punje kavu ndani, unapasha moto unaweka shingoni au kiunoni au tumboni zile siku za mwezi, na hata ikipasuka kitakachomwagika ni mchele.

Watu wengi wakiniuliza wanaanza na kushona, ati hawana cherehani. Kushona ndio rahisi, hata mkono unatosha. Kazi iko kwa kuchagua punje na kwa moto, hapo ndio watu huharibu.

Tuanze na punje basi. Mimi napenda mchele na ngano nzima. Mchele unashika joto vizuri na unalala kwa mwili bila kukudunga, usinunue pishori kwa sababu ya harufu tu, utalia bure, chukua ule wa sindano wa kawaida ila usiwe umevunjikavunjika maana ile chenga ni vumbi tupu. Ngano nayo ikipata moto inanukia kama mkate unaoiva na mimi hiyo pekee inanitosha. Wimbi ni laini kabisa, unateleza kama mchanga, lakini unapenya kila kitambaa kilicholegea, utaupata kwa kitanda wiki nzima. Maharagwe yana uvimbe uvimbe na harufu yake ikipata moto si ya chumba cha kulala. Mahindi ya popkoni usijaribu, sababu unaijua.

Mahindi ya kawaida yanafanya kazi, tena yanakaa na joto sana, lakini kuna kitu lazima nikwambie. Mahindi mengi yakihifadhiwa hupakwa ile dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, yule mdudu wa kutoboa nafaka ambaye wengine humwita osama, na wewe unataka kuyapasha moto uyaweke karibu na pua. Mara ya kwanza nilienda Nyamakima, pale mjini wanapouza nafaka, nikauliza mama mmoja mwenye magunia, "Mama, haya yako na dawa?" akaniangalia, "Kastoma, unataka ya kula ama ya kufanyia nini?" nikamwambia ya kushonea mto. Akacheka hadi akamwita jirani yake. Lakini akanitoa kwa lile gunia nilikuwa nimeshika akanipeleka kwa lingine, akasema hili la kwanza lazima lioshwe kabla ya kwenda kwa posho mill. Sasa hebu fikiria ningenyamaza. Kwa hivyo uliza, na zile mbegu za kupanda zenye rangi rangi usiguse kabisa, zimepakwa dawa pia. Gorogoro moja, zile kilo mbili hivi, inakutosha mito miwili midogo.

Ukifika nyumbani chambua kama unapika. Halafu angalia kama ni kavu kweli, kwa sababu punje yenye maji itaota ukungu ndani ya kitambaa na hutaona. Wakulima wana njia yao: chukua chupa ya glasi kavu kabisa, weka punje na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika kwa kuta za chupa, bado kuna maji, anika tena. Ikianguka chini yote uko sawa. Kama una friza, funga punje kwa plastiki uzilaze humo siku nne, dumuzi na mayai yake yote kwisha, halafu uziache zirudi joto la kawaida zikiwa bado zimefungwa, ukifungua mapema zitafanya umande.

Kitambaa: pamba tupu, basi. Shida ni kwamba kitenge kingi siku hizi unaambiwa ni pamba na ni poliesta, na poliesta ikipata moto mwingi inayeyuka. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, jivu lake ukiligusa linapotea. Poliesta inajikunja inafanya kashanga kagumu keusi. Na kile kitenge cha kumetameta chenye rangi ya dhahabu kiache kwa sherehe, ndani ya maikrowevu kitatoa cheche. Mfuko wa ndani mimi nashona na marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, wa nje natumia leso ya zamani au shuka ya mtumba ya Gikomba yenye lebo ya pamba mia kwa mia. Zipu, vifungo vya chuma, pini uliyosahau, hakuna kitu kama hicho ndani. Uzi pia uwe wa pamba ukiupata.

Saizi ya shingo na kiuno: kata kipande cha sentimita 52 kwa 32, kunja kwa urefu wake ili upana ubaki 16, shona ule upande mrefu na mwisho mmoja, rudia mshono mara mbili, geuza. Sasa una kama soksi ndefu. Usijaze yote mara moja, maana punje zote zitakimbilia upande mmoja na wewe ubaki umelalia kitambaa. Kata kichwa cha chupa ya soda utumie kama faneli, mimina karibu robo kilo, tingisha zishuke chini, weka pini mstari wa sentimita mbili juu ya punje, halafu ushone kukata ng'ambo. Mimina tena, shona tena, mpaka vyumba vinne. Kila chumba kiwe nusu tu au kizidi kidogo, mto uliojaa pomoni unakuwa kama tofali na haushiki shingo.

Hapo kwa kukata ng'ambo shika punje na mkono wa kushoto uzisukume mbali, kwa sababu ikiingia moja tu chini ya mguu wa cherehani sindano inakatika paap. Mimi nilivunja mbili kwa mto mmoja, mchele wa sindano ukivunja sindano, mpaka fundi wa pale chini ya ngazi akaniambia, "Dada, nyoosha mfuko mezani, usiushikilie hewani." Nikaacha kuushikilia, sijavunja tena. Kwisha hapo shona foronya ya nje iliyo wazi upande mmoja kama ya mto wa kawaida, hiyo ndio ya kufua.

Ukitaka harufu, weka karafuu nzima chache au majani makavu ya rosemary, ile inayopandwa kama uzio imejaa mitaa mingi, kavu kabisa lakini. Mafuta ya manukato usimwagie, yanashika moto.

Sasa moto. Kama una maikrowevu, weka glasi ya maji pembeni ya mto ili hewa isikauke sana, anza na dakika moja, geuza, halafu ongeza sekunde thelathini thelathini huku unagusa. Mto wa kilo moja kwangu haupiti dakika mbili na nusu. Hakikisha sahani inazunguka, kama mto umekwama kwa ukuta sehemu moja itaungua na zingine ziko baridi. Na usirudishe ukiwa bado na joto, ngoja upoe kabisa, kwa sababu kila mara punje zinapoteza maji na punje iliyokauka kupita kiasi inaungua kutoka ndani, unaona moshi tayari umechelewa.

Wengi wetu hatuna maikrowevu, na wenye nayo wanahesabu tokeni za stima. Basi shona mfuko usiofungwa na mshono, uache mdomo wa kufunga na kamba ya pamba, bila vyumba. Punje unazipasha peke yake kwa sufuria nzito, moto mdogo wa gesi au jiko la makaa yaliyoanza kufifia, ukikoroga bila kuacha kama unakaanga njugu lakini hutaki zibadilike rangi. Ukitia mkono ukaona ni moto lakini unavumilia, epua, ngoja dakika mbili, mimina kwa mfuko, funga. Mfuko wenyewe usiuweke kwa sufuria hata ukiwa na haraka.

Jaribu kwanza ndani ya mkono, hapo kwa kiwiko. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, na usiufunike na blanketi wala kulala juu yake, joto likikosa pa kutokea linazidi kujijenga mle ndani na hapo ndio mito hii hushika moto. Umeteguka mguu leo? Hiyo ni barafu kwanza, joto baada ya siku mbili. Mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi asiutumie miguuni, hatajua ameungua. Mtoto mchanga hapana, mjamzito asiweke tumboni.

Usioshe mto wa ndani. Mimi niliosha. Nikaukamua vizuri nikauanika kwa balkoni, siku ya nne naona kitu kijani kinachungulia kwa mshono, ngano imemea. Siku hizi nafua foronya tu, na punje nabadilisha kama kila mwaka, au nikisikia harufu ya kuungua hata kidogo.

Ule wa kwanza kabisa nilimpelekea mamangu, akauweka kwa kochi miezi miwili bila kuugusa, ati yeye si mgonjwa. Juzi amenipigia nimshonee mwingine haraka, nikamuuliza ule mwingine umeenda wapi, akasema uko, lakini magoti ni mawili.