Umeme ukikatika, usiingize mkono kinuni

Ndugu wa vinu vya mawese hapa Kigoma, umeme ukikatika kazi ikiendelea, huo si muda wa kuzibua makapi. Swichi bado imewashwa. Mota iliyofungwa swichi ya kawaida tu huzunguka yenyewe umeme unaporudi, na haulizi nani yuko ndani.

Shusha swichi kuu, piga kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Si kwa bosi, wala kwenye msumari ukutani. Mkiwa wawili, kufuli mbili. Kibao cha "Usiwashe" kiwepo, ila chenyewe hakimzuii mtu mwenye haraka. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia: mota ikitulia, kirudishe kwenye kuzima ndipo uanze. Boksi la swichi lisilo na tundu la kufuli, mwite fundi umeme alibadilishe. Kufuli ni bei ndogo kuliko vidole.

Wengi huishia hapo kwenye umeme. Presi ya haidroliki hubaki na presha hata mota ikiwa imezimwa, kwa hiyo fungua valvu polepole, presha iishe, na sehemu iliyoinuliwa ishushwe au iegemezwe kwa chuma. Gurudumu la mkanda lisimame lenyewe, usilishike. Kwa injini ya dizeli, funga mafuta, na kama ina stata chomoa waya wa betri.

Kufuli huondolewa na aliyeifunga, akishahesabu watu na spana.