Bomba Likihamishwa: Jinsi ya Kutoa Maoni Yatakayofanyiwa Kazi Kwenye Tathmini ya Mazingira

Mikutano ya hadhara kuhusu bomba inafanana sana. Viti vya plastiki chini ya mti, daftari la mahudhurio linazungushwa, mtaalamu anaeleza kwa dakika 40, kisha wananchi wanauliza ajira na fidia. Taarifa ya tathmini ikitoka, sehemu ya maoni inasomeka hivi: "Wananchi waliupokea mradi na kuomba vijana wapewe kipaumbele cha ajira." Si uongo, hayo yalisemwa. Lakini korongo linalomeguka kila masika, kisima cha mchanga kinachonywesha ng'ombe wa vitongoji vitatu na shamba la zabibu havionekani popote, kwa sababu hakuna aliyevitaja kwa mahali na kipimo.

Mabomba makubwa ya gesi asilia nchini mpaka sasa yapo upande wa Mtwara, Lindi, Pwani na Dar es Salaam. Katikati ya nchi, bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, ndilo lililowazoesha watu wa Kondoa na Chemba neno "mkuza", yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya bomba. Utaratibu wa tathmini ni uleule, liwe la gesi au la mafuta: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2005, zilizorekebishwa 2018. Kwa jinsi Dodoma inavyopanuka, na barabara na reli zinavyoongezeka, bomba lililokuwa mbali linaweza kusogezwa likapita kwako.

Kuhamisha ni kazi mbili

Kuna kufukia bomba jipya na kuna kuachana na la zamani. Taarifa nyingi hueleza njia mpya kwa kurasa na kurasa, halafu la zamani linapewa aya moja. Anzia hapo.

Bomba la gesi linaloondolewa kazini hufungwa valvu pande zote mbili, gesi iliyobaki huachiwa hewani au huchomwa, kisha husukumwa naitrojeni, gesi isiyowaka, ndani kabla ya kukatwa. Sababu ni kwamba methane ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 inashika moto kwa cheche ndogo tu. Uliza itaachiwa wapi, saa ngapi, kwa umbali gani kutoka nyumba na jiko la kuni, na nani atapita kutangaza kabla. Kumbuka pia kwamba gesi ya kwenye bomba kuu huenda haijatiwa dawa ya harufu, tofauti na ya mtungi wa jikoni. Usitegemee pua.

Swali linalofuata: bomba la zamani linachimbuliwa au linaachwa ardhini? Likiachwa tupu linaliwa na kutu, siku moja udongo wa juu unatitia, na maji ya mvua yakipata tundu yanatembea ndani yake kama mfereji na kutokea mahali pasipotarajiwa. Likiachwa, lijazwe zege jepesi, hasa chini ya barabara na makorongo. Na mkuza wa zamani unarudi kwa nani, kwa karatasi ipi? Shamba lenye alama za mkuza uliokwisha kufutwa linakuwa gumu kupimwa na kuuzwa.

Wakati wa kusema

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni hatua ya kupanga upeo wa tathmini, pale mtaalamu anapoandaa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo yatakayochunguzwa. Huu ndio mlango wenye thamani kubwa kuliko yote, na ndio unaopitwa na watu wengi, maana ndipo njia mbadala zinapoamuliwa kuchunguzwa au kutochunguzwa. Wa pili ni wakati wa utafiti wenyewe: kanuni zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze gazetini na redioni, na taarifa ya mkutano itolewe angalau wiki moja kabla. Wa tatu ni wakati taarifa inapopitiwa na baraza la mazingira tulilolizoea kwa jina la NEMC, ambalo linaweza pia kuitisha kikao cha kusikiliza wananchi kama mradi una utata. Msisubiri liitishe. Halmashauri ya Kijiji iandike barua kuomba kikao hicho, ikiambatisha muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Piga picha ya tangazo likiwa limebandikwa, na tarehe ionekane. Kama limebandikwa siku mbili kabla ya mkutano, picha hiyo peke yake ni hoja.

Kuisoma taarifa

Muhtasari wa Kiswahili lazima uwepo. Usiishie hapo, omba taarifa kamili kupitia kwa mtendaji au afisa mazingira wa halmashauri. Huna haja ya kusoma kurasa zote. Nenda kwenye sehemu ya njia mbadala, ramani, na jedwali la Mpango wa Usimamizi wa Mazingira. Kwenye jedwali hilo angalia safu ya mhusika na safu ya gharama. Ahadi isiyo na mtu wala fedha haitatekelezwa, na kuionyesha ni rahisi: taja ukurasa na mstari.

Kwenye ramani kuna mtego unaowagombanisha watu bure. Simu inasoma majira, yaani namba za mahali ulipo, kwa mfumo wa WGS84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili huku kwetu inafika mita 300 hivi. Mkuza wa ujenzi wa bomba kubwa una upana wa mita 30 tu. Kwa hiyo unaweza kuamini bomba linapita chumbani kwako kumbe lipo ng'ambo ya barabara, au kinyume chake. Jingine: kwenye namba za ramani za UTM, zinazogawa dunia kwa kanda, Dodoma mjini ipo kanda ya 36, lakini ukivuka longitudo 36 kuelekea Kongwa na Mpwapwa unaingia kanda ya 37, na namba za mashariki zinabadilika kabisa. Kabla ya kubishana, chagua kitu kimoja kisichohama kilichotajwa kwenye taarifa, mfano kona ya shule au daraja, simama hapo na simu, linganisha namba. Zikiachana kwa mita 300 hivi, tatizo ni mfumo. Zikikubaliana, tembea na mkuza kitongoji kwa kitongoji ukiandika kila unachokikuta.

Mambo ya Dodoma ambayo mtaalamu wa mbali huyapita

Maji ya majaribio. Bomba jipya hujazwa maji na kushindiliwa kwa presha kabla ya kuingizwa gesi. Kiasi chake unaweza kukikokotoa mwenyewe: kipenyo cha ndani kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, zidisha kwa urefu kwa mita. Bomba la kipenyo cha mita 0.4 kwa kilomita moja linameza mita za ujazo 125.6, yaani lita 125,600. Ni maboza 13 ya lita 10,000 kwa kila kilomita. Katika mkoa unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, swali la chanzo cha maji hayo linatakiwa lijibiwe kwa jina la kisima au bwawa, mwezi, na idadi ya lita. Kama ni bonde la Makutupora, linalonywesha jiji, au kisima cha kijiji, wananchi waseme waziwazi wanakubali au hapana. Ulizeni pia yatamwagwa wapi: yanatoka na kutu, uchafu wa uchomeleaji na pengine dawa, na yakiachiwa kwa kasi juu ya udongo tifutifu yanachimba korongo jipya kwa siku moja. Ombeni bwawa la kutulizia, maji yapimwe, ndipo yaachiwe taratibu.

Makorongo ya mchanga. Wakati wa kiangazi korongo linaonekana barabara nzuri ya kupitisha bomba. Mvua ikishuka, mchanga wa chini nao unasafiri. Bomba lililofukiwa kwa kina cha kawaida cha mita 1 hivi linaweza kubaki uchi, likining'inia. Wazee wanaochimba visima vya mchanga wanajua mchanga umehama kwa kina gani katika masika mabaya. Maarifa hayo hayapo kwenye kompyuta ya mhandisi. Pimeni kwa futi, kuanzia ukingo wa zamani hadi wa sasa, taja miaka, na mdai hesabu ya mmomonyoko kwa kila korongo linalovukwa, pamoja na kina cha bomba chini ya kiwango hicho.

Mbuga nyeusi. Udongo huu mzito wa mfinyanzi unapasuka kiangazi na kuvimba masika, ukilivuta na kulisukuma bomba. Ulizeni kama umepimwa, na bomba litazungushiwa udongo gani mtaroni.

Udongo wa juu. Sentimita 20 hadi 30 za juu ndizo zenye rutuba. Zichotwe kwanza, zirundikwe upande wake, zirudishwe mwisho. Zikichanganywa na udongo wa chini, mtama hautasimama hapo kwa misimu kadhaa. Hili liandikwe kama sharti, na msimamizi wa mazingira wa mkandarasi awepo siku ya kuchota. Kwenye miteremko, mtaro uliofukiwa hugeuka njia ya maji, hivyo unahitaji vizuizi vya magunia ya mchanga ndani yake na matuta ya kukatiza juu yake. Kondoa, ambako mradi wa hifadhi ya ardhi HADO ulianza 1973 na mifugo ikaondolewa 1979 ili ardhi ipone, tuta lolote la kinga maji litakalokatwa lirudishwe kwa kipimo cha kontua, yaani mstari wa usawa wa mteremko, kabla ya mvua za kwanza.

Mifugo na mtaro. Mtaro ulio wazi unazuia ng'ombe kufika majini, na ndama wanatumbukia. Ombeni vivuko kwenye mapito yote ya mifugo, ncha za mtaro zichongwe mteremko, na urefu wa mtaro unaoachwa wazi kwa wakati mmoja uandikwe kwa namba.

Zabibu, mibuyu na makaburi viorodheshwe mapema. Mizabibu na miti yenye mizizi mirefu kwa kawaida hairuhusiwi kurudi juu ya bomba, kwa hiyo anayelima zabibu anaumia zaidi ya anayelima karanga kwenye upana uleule wa ardhi. Makaburi yana sheria yake ya kuyahamisha, ya mwaka 1969. Onyesheni hata yale yasiyo na alama.

Kuandika maoni yenyewe

Kila hoja iwe na sehemu nne: mahali, kinachotokea, kwa nini, na sharti mnaloomba. Sharti liwe kitu ambacho mkaguzi anaweza kwenda kukiona na kukipima. Mfano wa hoja moja:

"Korongo lililo kati ya alama za kilomita 12 na 13 (majira yameambatishwa, WGS84). Ukingo wa mashariki umesogea futi 22 tangu masika ya 2016, kwa kipimo tulichochukua na mwenyekiti wa kitongoji. Taarifa, ukurasa wa 84, inapendekeza kina cha mita 1.2 bila hesabu ya mmomonyoko. Tunaomba hesabu hiyo ifanyike. Bomba lipite chini ya kina cha mmomonyoko. Kingo zijengwe gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe). Na kazi ya kuvuka ikamilike kabla ya mwisho wa Oktoba."

Linganisha na "tunaomba mazingira yatunzwe". Hiyo ya pili itajibiwa "maoni yamepokelewa" na habari itaishia hapo.

Andika nakala tatu: ya mtaalamu wa tathmini, ya NEMC, ya afisa mazingira wa halmashauri. Nakala ya nne ya kijiji igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Aliyesema kwa mdomo au kwa Kigogo au Kirangi aombe maneno yake yasomwe tena kabla mkutano haujafungwa, maana kanuni zinataka maoni ya mdomo yaandikwe na tafsiri yake iwekwe. Kwenye daftari la mahudhurio, hakikisha juu ya ukurasa kumeandikwa "Mahudhurio". Karatasi isiyo na kichwa usiisaini. Ikishaambatishwa kwenye taarifa inaweza kusomwa kama ridhaa.

Fidia isichanganywe

Mkutano wa tathmini ya mazingira si mkutano wa uthamini. Ukitumia dakika zako zote kuulizia bei ya ekari, nafasi ya kubadilisha njia inapita. Fidia ina mlango wake: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanatakiwa kuongezwa riba, na uthamini ulioidhinishwa ukipita miaka 2 bila kulipwa unarudiwa. Kwenye maoni ya mazingira omba jambo moja tu linalohusu fidia: hakuna greda kuingia shambani kabla mwenye shamba hajalipwa.

Cheti kikitoka

Cheti cha tathmini hutoka na masharti. Omba nakala ya masharti hayo na uyabandike kwenye ofisi ya kijiji, pembeni ya namba ya simu ya msimamizi wa mazingira wa mkandarasi. Njia ikibadilishwa baada ya cheti, hata kwa mita mia chache, andikeni NEMC siku hiyohiyo kuuliza kama badiliko limepitiwa. Kamati ya mazingira ya kijiji itembee mkuza mara moja kwa wiki wakati wa ujenzi, na ipige picha sehemu zilezile kila mara: rundo la udongo wa juu, kingo za korongo, mahali maji ya majaribio yanapomwagwa. Baada ya kazi kuisha, tembeeni tena siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Palipotitia pataonekana, na hapo mkandarasi huwa bado yupo katika muda wa dhamana ya kurekebisha.