Kabla ya kuwinda dubu kwenye mikato iliyoota vichaka

Msimu wa dubu weusi katika majimbo ya Oregon na Washington, magharibi mwa Marekani, hufunguliwa Agosti mosi, na kila mwaka wapo wanaoanza kutafuta mahali pa kuwinda siku hiyohiyo. Wamechelewa. Majimbo haya yote mawili yalipiga marufuku chambo na mbwa kwa kura ya wananchi, Oregon mwaka 1994 na Washington mwaka 1996. Kwa hiyo dubu haitwi kwa chakula wala hakimbizwi juu ya mti. Anatafutwa kwa macho. Na katika misitu iliyosongamana kama ya huku magharibi, macho yanapata nafasi kwenye mikato tu, yaani vipande ambavyo kampuni za mbao zimeangusha miti yote na kupanda upya. Aliyeona shamba la mipaina la Sao Hill kule Mufindi baada ya kuvunwa anaijua sura yake: visiki, magogo yaliyoachwa yaoze, na vichaka vinavyoota haraka kuliko miche.

Karatasi kwanza. Leseni, tagi ya dubu (kibali cha kuua dubu mmoja), na Washington cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa yeyote aliyezaliwa baada ya Januari mosi 1972. Kama uko Marekani kwa viza na huna ukaazi wa kudumu, muulize mwanasheria kuhusu bunduki kabla ya kuishika. Usimuulize binamu.

Kisha ardhi ni ya nani. Mikato mingi mizuri ni mali ya kampuni, na baadhi yake, kama Weyerhaeuser, huuza vibali vya kuingia ambavyo maeneo mengine huisha mapema. Agosti kuna tatizo la pili: moto. Hatari ya moto ikipanda, kampuni hufunga mageti yake hata kwa wenye vibali. Mpango wenye mkato mmoja si mpango. Tafuta mitatu, na angalau mmoja uwe kwenye ardhi ya umma.

Umri wa mkato ndio unaoamua kama utaona kitu. Fungua Google Earth, rudisha picha za miaka ya nyuma, utafute mwaka ambao kipande kile kilikuwa kijani kibichi na mwaka uliofuata kikawa kahawia. Miaka miwili ya kwanza usihangaike. Ni udongo na takataka za matawi, na kampuni nyingi hupiga dawa ya kuua magugu ili miche ipumue. Kuanzia mwaka wa nne au wa tano matunda yanarudi. Kati ya miaka 5 na 10 ndipo kuna chakula kingi na bado unaona. Ukifika mwaka wa 15 au zaidi, miti ya Douglas, ile jamii ya misonobari iliyopandwa upya, imefumba juu, kivuli kimeua vichaka, na hata dubu akiwemo hutamwona. Kipande cha umri huo bado kina faida: dubu hulala humo mchana. Mkato wa miaka 7 uliopakana na msitu mchanga wa miaka 20, wenye kijito katikati, ndio wa kuwekea alama kwenye ramani.

Sasa pima urefu wa vichaka vyenyewe, maana picha ya angani haisemi. Dubu mweusi akisimama kwa miguu minne, bega lake liko sentimita 70 hadi 90 kutoka chini, kiunoni kwa mtu mzima au chini kidogo. Salali, kichaka cha matunda cha huku, ikikufika kiunoni, dubu mzima anapita ndani yake na unachoona ni matawi yanayotikisika bila upepo. Kwa hiyo unahitaji mahali pa kukaa palipo juu, upande wa pili wa bonde, ili utazame ndani ya vichaka badala ya kutazama juu yake. Uwanja wa zamani wa kupakilia magogo mara nyingi unafaa. Darubini ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 42) inatosha, lakini ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu. Mikono inayotetemeka haimwoni dubu aliyetulia akila.

Mwezi wa saba, ukishapata hapo pa kukaa, piga picha mteremko mzima na uhesabu visiki vyeusi. Mikato mingi ina visiki vilivyoungua, na kwa mwanga wa jioni kila kimoja kinafanana na dubu. Msimu ukifika unalinganisha na picha. Kisiki kilichozidi ndicho cha kuwekea darubini.

Chakula kinahama, na dubu anahama nacho. Salmoniberi, aina ya beri za porini, huiva mwanzoni mwa kiangazi, kwa hiyo mavi mekundu ya Juni hayakusaidii kitu Agosti. Hakleberi nyekundu, zile zinazopenda kuota juu ya visiki vilivyooza, hufuata. Agosti yenyewe ni ya blakberi kubwa za pembeni mwa barabara, salali na matunda ya mti wa kaskara, na pwani hakleberi nyeusi huendelea hadi vuli. Pasua mavi kwa kijiti uone mbegu na maganda, kisha utafute mmea huo ulipo. Mavi laini, yanayong'aa, yenye nzi, ni ya leo au jana. Yaliyokauka juu na kuota ukungu ni historia. Nyayo nazo: kitanga cha mguu wa mbele chenye upana wa inchi 4 ni dubu wa kawaida, inchi 5 ni mkubwa wa kutosha kukufanya urudi. Miti michanga iliyochunwa magome chini inaonyesha tu kwamba dubu walipita majira ya kuchipua wakila utomvu, usiipigie kambi.

Upepo: beba chupa ndogo ya poda, uipulize ujue harufu yako inaelekea wapi. Asubuhi hewa baridi inashuka bondeni, jua likipata nguvu inapanda, jioni inageuka tena. Andika saa inapogeuka pale unapokaa, kwa sababu kila bonde lina saa yake.

Jambo linalowaumiza watu, hata wenye bunduki nzuri na macho makali, ni kutopima njia ya kwenda kumchukua dubu kabla hajapigwa. Mtu amekaa juu, kipima umbali kinasema yadi 260, dubu anakula blakberi saa mbili kasorobo jioni katikati ya Agosti. Anapiga vizuri. Dubu anaruka, anaingia kwenye vichaka, kimya. Mwindaji anashuka. Kutoka juu mteremko ulikuwa kama zulia. Akiwa ndani, salali inamfika kifuani, chini yake magogo yamelazwa hovyo kama njiti za kiberiti, na mguu unazama hadi gotini kati ya matawi yaliyooza. Blakberi zinamshika mikono. Kwenye kijito ukingo umekatika wima, mita tatu, inabidi azunguke. Anapofika upande wa pili giza limeingia, na visiki vyote ni kimoja: hajui kama alipompiga ni juu ya alipo au chini. Anatafuta damu, hakuna. Manyoya marefu hunyonya damu, na mafuta ya dubu wa Agosti huziba tundu la risasi, hasa kama risasi haikutoka upande wa pili. Dubu amelala mita 40 kutoka alipopigwa. Anapatikana kesho yake saa nne, jua limeshapanda, tumbo limejaa gesi na nyama ya mapaja imeanza kunuka kwenye mfupa.

Hakuna alichokosea saa mbili kasorobo. Alikosea Julai.

Basi Julai hiyo, mchana, dubu wakiwa wamelala, tembea kutoka unapokaa hadi katikati ya mteremko unaoutazama. Mara moja tu, usiwazoeshe harufu yako. Anza na saa mkononi. Yadi 260 zikikuchukua dakika 15, sawa. Zikikuchukua dakika 70, jua kwamba saa yako ya mwisho ya kufyatua ni mapema kuliko sheria inavyoruhusu. Sheria inakupa hadi nusu saa baada ya jua kuzama, vichaka havikupi. Ukiwa kule, geuka utazame ulikotoka, maana ndivyo utakavyokuwa unatafuta. Tafuta njia za zamani za kuburutia magogo. Zimeota nyasi na hazionekani kutoka mbali, lakini zinakata mteremko mzima na mara nyingi dubu wenyewe ndizo wanazopita. Ziweke kwenye GPS. Kisha gawa mteremko: sehemu ambayo dubu akianguka utamtoa, na sehemu ambayo hata akisimama ubavu mzima nusu saa, humpigi. Korongo lenye miiba liko kwenye kundi la pili daima.

Siku yenyewe, kabla ya kunyanyuka ulipofyatulia, piga picha ya mahali aliposimama, chukua mwelekeo kwa dira, na ufunge kitambaa cha rangi ya chungwa ulipo. Mkiwa wawili, mmoja abaki juu amwongoze mwenzake kwa mikono. Aliye peke yake ana kitambaa tu. Subiri dakika 30 kabla ya kufuata, bunduki ikiwa tayari.

Na kabla hata ya kufyatua, tazama kwa dakika 10. Oregon ni kosa kuua mtoto wa dubu aliye chini ya mwaka mmoja au mama mwenye watoto, na watoto wa mwaka huu hupotea kabisa kwenye salali ya magotini. Kaskazini mwa Washington yapo maeneo yanayodai mtihani wa kumtofautisha dubu mweusi na grizli, aina nyingine ya dubu iliyo kubwa zaidi. Rangi haitoshi, dubu mweusi anaweza kuwa kahawia.

Nyama haisubiri. Ngozi na mafuta yake ni blanketi, na joto la Agosti hufika nyuzi 30. Chuna mara moja, toa miguu ya nyuma kwanza, ining'inize kivulini kwenye mifuko ya kitambaa, na uwe na makasha mawili ya barafu garini. Hesabu safari mbili za kubeba, au watu wawili. Fuvu usilitupe: Oregon linapelekwa kukaguliwa ndani ya siku 10, likiwa halijagandishwa, na Washington inataka jino. Pika hadi nyuzi 71 katikati ya nyama, kwa sababu ya minyoo ya trikinela. Friji si dawa, aina nyingine za minyoo hiyo hazifi kwa baridi. Msomaji Mwislamu anajua hukumu ya mnyama mwenye chonge, aamue kabla ya kununua tagi.

Mengine ni ya kila siku. Viatu vinavyofunika kifundo, suruali nzito, glavu za ngozi. Nyigu wa ardhini huwa wengi Agosti kwenye magogo yaliyooza, kwa hiyo tazama kabla ya kuketi. Siku za kazi malori ya magogo hushuka kwa kasi: washa taa, kaa kulia, usiegeshe mbele ya geti hata kama limefungwa. Usiegeshe pia juu ya nyasi ndefu kavu, ekzosi inawasha moto. Mwachie mtu jina la barabara na saa ya kurudi, kwa maandishi, maana simu haishiki. Weka msumeno wa mkono garini. Mti unaweza kuanguka barabarani ukiwa ndani, na geti la nyuma yako hufungwa jioni.