Meza ya Pool au Snooker Iliyotumika: Kagua Jiwe Kabla ya Kitambaa

Anayekwenda kuangalia meza ya pool iliyotumika mara nyingi hutupa jicho kwenye kitambaa kwanza. Kikiwa kimechanika anageuza. Kikiwa kipya anaingiza mkono mfukoni. Ningependa afanye kinyume. Kitambaa ni cha kubadilishwa, raba za kingo zinapatikana, mbao hupigwa msasa na vanishi zikapendeza. Jiwe lililolala chini ya kitambaa ndilo unalolinunua hasa, na likiwa na kasoro kubwa hakuna fundi atakayeufanya mpira uende ulikotumwa. Kwa hiyo kabla hujakubaliana bei, beba tochi, tepu, pimamaji na mpira mmoja wa meza, uvae nguo ambazo huoni tabu kuzichafua, maana utalala sakafuni.

Ukiwa chini ya meza, tafuta kujua uso wake umetengenezwa kwa nini. Meza za kazi huwa na jiwe la sleti. John Thurston, mtengenezaji wa meza za biliadi wa London, alianza kulitumia mwaka 1826, na mpaka leo ndilo linaloaminiwa, kwa sababu halipindi kwa unyevu kama mbao. Meza nyepesi hutengenezwa kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au plaiwudi. Hizo zikishabonyea katikati hazirudi, na simshauri mtu kuweka kitambaa kizuri juu yake. Usidanganywe na mbao unayoiona pembeni, kwani jiwe mara nyingi lina fremu ya mbao ya kushikizia kitambaa. Mulika katikati, au ingiza kidole kwenye shimo la kona upapase. Sleti ni ya kijivu na ya baridi, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole hutoa mlio mfupi, mzito. Uzito nao unasema: sleti ya milimita 25 kwenye meza ya futi 8 inazidi kilo 200, kabla hujahesabu miguu na kingo. Meza inayosogezwa na watu wawili huku wakiongea haina jiwe.

Hesabu pia vipande. Meza ndogo za kutumbukiza sarafu kwa kawaida zina jiwe moja zima. Meza kubwa za Kimarekani mara nyingi zina vipande vitatu, na snooker ya ukubwa kamili ina vitano. Ilaze tochi juu ya kitambaa, mwanga upite sambamba na uso wa meza. Mstari ulionyooka unaokatiza upana ni kiungo cha mawe, na huo unatibika. Mstari uliopinda, unaozunguka au kupita kati ya jiwe, ni ufa. Ufa mdogo kwenye tundu la bolti fundi mzuri anauweza. Ufa uliokata jiwe kutoka upande hadi upande, mimi ningeiacha meza hiyo hata kama inatolewa bure, kwa kuwa kupata kipande kinachooana na vingine kwa unene na matundu ni kazi kuliko kutafuta meza nyingine.

Baada ya jiwe, itambue meza ni ya mchezo gani. Pima kutoka ncha ya raba hadi ncha ya raba, si mbao kwa mbao. Meza ya pool ya futi 9 ina eneo la kuchezea la sentimita 254 kwa 127. Snooker kamili ina milimita 3569 kwa 1778. Kisha tazama mashimo. Meza za Kimarekani midomo ya mashimo imekatwa kwa pembe kali, ilhali snooker na pool ya Kiingereza midomo imeviringwa. Utambuzi huu una maana kubwa kwa sababu raba hutengenezwa kufuatana na mpira. Mpira wa pool ya Kimarekani una kipenyo cha milimita 57, wa snooker 52.5, na pool ya Kiingereza hutumia wa karibu 51. Kwenye pool ya Kimarekani ncha ya raba hukaa juu kidogo ya nusu ya mpira, kama asilimia 63 ya kimo chake. Weka mipira mikubwa kuliko iliyokusudiwa na itaanza kuruka ikigonga kingo. Weka midogo na itabanwa chini, ife kasi. Watu wengi wameshabadilisha raba nzima wakati ugonjwa ulikuwa ni seti ya mipira isiyo yake.

Kibao cha mtengenezaji husaidia kukadiria umri. Jina Brunswick-Balke-Collender la kampuni ya Kimarekani, kwa mfano, lilitumika kuanzia 1884 hadi 1960, hivyo meza yenye jina hilo haiwezi kuwa ya juzi. Hata hivyo kibao ni skrubu mbili tu, na huhamishika. Ushahidi ninaouamini zaidi ni namba zilizogongwa kwenye kingo, fremu na mawe: zikifuatana, meza ni ile ile iliyotoka kiwandani, zisipofuatana, imeunganishwa kutoka meza tofauti. Kwenye meza za zamani sana angalia vile vidoa vyeupe vya kingo na vibao vyenyewe. Vingine ni pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kupitia CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na nchi nyingi zina sheria kali hata kwa vitu vya kale, kwa hiyo uliza kabla ya kununua, na zaidi kabla ya kuvusha mpaka.

Raba zijaribu kwa dole gumba: ibonyeze ncha, inapaswa kukubali na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Halafu upige mpira kwa nguvu kufuata urefu wa meza. Kwenye meza nzima husafiri urefu huo kama mara nne kabla ya kusimama. Ukikuta sehemu moja inatoa sauti butu na mpira unafia hapo, usikimbilie kusema raba imekufa. Shika spana, kaza bolti za ukingo huo kutoka chini, ujaribu tena. Bolti iliyolegea huiga raba mbovu vizuri sana.

Mbao zikague kwa unga mwembamba wa bungua na matundu madogo kama ya sindano, hasa ndani ya miguu na kwenye fremu inayobeba jiwe. Rangi ya nje usiiparamie kwa msasa. Chovya pamba kwenye spiriti, ugusishe mahali pasipoonekana. Ikilainika na kunata, ni shelaki ya zamani (aina ya vanishi ya asili), na hiyo inaweza kufufuliwa bila kukwanguliwa yote.

Nyumbani nako kuwe tayari. Fimbo ya kawaida ina sentimita 147, kwa hiyo acha kama 160 kila upande: meza ya futi 9 itadai chumba cha karibu mita 5.7 kwa 4.5. Snooker kamili inazidi tani moja. Ghorofani usiipandishe kabla mhandisi hajasema neno. Wakati wa kuifungua, piga picha kila hatua na uandike namba kwa chaki kwenye kila kipande, ukionyesha upande gani unatazama wapi. Jiwe hubebwa likiwa limesimama kwa ubavu. Likibebwa bapa linaweza kukatika kwa uzito wake lenyewe, na vidole vya wabebaji viko chini.

Ukarabati una mpangilio wake. Fremu na miguu kwanza, viungo vikazwe, fremu isawazishwe. Ndipo mawe yapangwe na kusawazishwa moja moja kwa kabari nyembamba, ukipima kwa pimamaji ya mafundi mitambo, si ile ya ujenzi. Viungo vya mawe hujazwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, jiwe likiwa limepashwa moto kidogo ili nta ishike, kisha ikwanguliwe kwa bledi mpaka kidole kisihisi kitu. Wapo wanaotumia bodifila ya magari, nayo inashika, ila siku ya kuihamisha meza itabidi itolewe kwa patasi. Mimi nabaki na nta. Kitambaa huja baadaye, kingo mwisho. Cha snooker kina manyoya yanayolala upande mmoja: yaelekee kutoka upande wa kuanzia mchezo hadi kwenye doa la mpira mweusi, na wakati wa kupiga brashi fuata mwelekeo huo huo.

Miguu itaendelea kuzama kidogo kidogo na kutulia sakafuni kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usimlipe fundi kila kitu siku ya kwanza. Kubalianeni arudi na pimamaji yake baada ya mwezi, meza ikiwa imeshachezewa.